Deni la Marehemu: Barua ya Wazi kwa Mtukufu Mfalme Philippe wa Ubelgiji

Mtukufu Mfalme,

Kabla sijasema lolote, niwie radhi. Mtu wa hali yangu kumwandikia mfalme bila kupitia kwa balozi wala waziri, bila kumjua hata bawabu mmoja wa ikulu yake, ni jambo la kuombea ruhusa kwanza, nami naiomba.   

Nilisitasita sana namna ya kukuamkia. Kwa desturi yetu mdogo ndiye anayeanza shikamoo, na mimi nimekutangulia kuzaliwa kwa miaka minane. Lakini cheo nacho kina umri wake, na kiti ulichokalia ni kikongwe kuliko sisi sote wawili. Kwa hiyo shikamoo, Mtukufu.

Mimi ni mwalimu mstaafu wa somo la historia, mkazi wa Ujiji, Kigoma. Ni mjamaa pia, wa kizazi kilichofundishwa ujamaa darasani na kikauamini, na hata leo naamini kwamba nchi haijawa huru mpaka watu wake wawe na kauli juu ya ardhi, migodi na jasho lao. Nalitaja mapema ili usome ukijua anayesema ni nani. Marehemu baba yangu alibeba mizigo katika bandari ya Kigoma, upande ule ambao Waingereza waliwapa Wabelgiji kwa mkataba wa mwaka 1921, na ambao wazee waliuita Belbase. Mali ya Kongo ilivuka Ziwa Tanganyika, ikapandishwa kwenye treni hapa, ikaenda Dar es Salaam. Miaka mitano kabla ya mkataba huo, askari wa Force Publique, jeshi la Kongo ya Kibelgiji, walikuwa wamewatoa Wajerumani Kigoma na Tabora. Kwa hiyo mambo ya nchi yako, Mtukufu, hatukuyasoma vitabuni tu.

Ulizaliwa tarehe 15 Aprili 1960. Kongo ilipata uhuru tarehe 30 Juni mwaka huo huo. Siku ile baba yako mkubwa, Mfalme Baudouin, aliposimama Léopoldville, Kinshasa ya leo, akamsifu Mfalme Leopold wa Pili kuwa aliwaletea Wakongo ustaarabu, na Waziri Mkuu Patrice Lumumba akasimama bila kuwemo kwenye ratiba akataja viboko na matusi, wewe ulikuwa kichanga cha miezi miwili na nusu. Hakuna mwenye akili timamu atakayekubebesha kosa la siku zile, na mimi siji kwako kama mshitaki.

Nakuja kwa mlango mwingine. Huku kwetu, maiti akiwa tayari kupelekwa kaburini, ndugu mmoja husimama mbele ya watu akatangaza kwamba kama yupo anayemdai marehemu, aione familia. Mirathi haigawanywi mpaka madeni yalipwe. Hakuna anayemwona mrithi kuwa mkosaji kwa hilo. Nilipata kumwona kijana mmoja hapa Ujiji ambaye baba yake alikufa akidaiwa nyavu. Deni hakulikopa yeye, na mdai alikuwa radhi kulisahau. Kijana akakataa. Alilipa kwa dagaa, ndoo kwa ndoo, misimu miwili, na siku alipomaliza alikwenda kaburini kwa baba yake kumpa taarifa. Nimekuwa nikimfikiria kijana yule kila ninapoiona picha yako.

Kwa hiyo leo, kwa heshima na taadhima, najitokeza. Mimi si Mkongo, na Wakongo wana midomo yao. Familia ya Lumumba ilifungua malalamiko Brussels kuhusu mauaji yake mwaka 2011, na mwaka 2020 binti yake alikuandikia wewe mwenyewe barua akiomba mabaki ya baba yake. Mimi nasema kama jirani wa ng'ambo, kwa sababu moto wa nyumba ile umekuwa ukitufikia. Kambi ya wakimbizi ya Nyarugusu, Kasulu, imekuwa ikipokea Wakongo tangu mwaka 1996, na wako watu wazima waliozaliwa humo ambao Kongo hawajaiona.

Deni ninalolizungumzia, Mtukufu, si jino la Lumumba lililobaki baada ya mauaji yake. Jino mlilirudisha. Deni ni kura.

Mwezi Mei 1960 Wakongo walichagua Bunge lao la kwanza. Uchaguzi ule haukuletwa na Moscow. Uliandaliwa na utawala wa Kibelgiji kwa sheria za Kibelgiji. Lumumba, ambaye Januari ya mwaka ule alikuwa mfungwa na ilibidi atolewe jela ili ahudhurie mazungumzo ya Brussels, chama chake kilipata viti 33 kati ya 137. Havikutosha kutawala peke yake, ila hakuna chama kingine kilichomkaribia. Akaunda serikali ya mseto, mpinzani wake Joseph Kasavubu akawa Rais, na Bunge likaipitisha serikali hiyo kwa kura 74. Nimewafundisha watoto hesabu hiyo kwa miaka mingi, nikawauliza: nani alikuwa kiongozi halali? Hajatokea hata mmoja aliyekosa jibu.

Siku kumi na moja baada ya uhuru, Katanga ikajitangazia utawala wake chini ya Moïse Tshombe. Ni kweli kwamba askari walikuwa wameasi na kwamba raia wa Kibelgiji walitendewa mabaya, na sitaki kulificha. Lakini majeshi ya Ubelgiji yaliyokuja kuwaokoa raia hao yaliwanyang'anya silaha askari wa serikali halali kule Katanga, na kampuni ya Union Minière ikaanza kuilipa kodi ya shaba serikali ya Tshombe badala ya ile iliyochaguliwa. Nchi changa ikakatwa mfuko kabla haijajifunza kuhesabu fedha zake. Hapo, kwa maoni yangu, ndipo Lumumba alipoangushwa. Yaliyofuata yalikuwa kummalizia.

Yaliyofuata unayajua kuliko mimi. Tarehe 26 Agosti mkuu wa CIA, Allen Dulles, aliwaagiza watu wake Léopoldville kwamba kumwondoa Lumumba ndilo jambo la haraka na la kwanza, na sumu ikasafirishwa, ingawa haikutumika. Septemba, Rais alipomfukuza, mabaraza yote mawili ya Bunge yalikataa kumwondoa, ndipo Kanali Mobutu akalifunga Bunge. Tarehe 6 Oktoba waziri wa Ubelgiji aliyeshughulikia mambo ya Afrika aliandika kwamba lengo kuu ni Lumumba aondolewe moja kwa moja. Mwezi huo huo, kama Kamati ya Bunge lenu ilivyobainisha mwaka 2001, barua ya meja mmoja wa Kibelgiji aliyekuwa karibu na Tshombe ilifika ikulu, ikionyesha kwamba maisha ya Lumumba yako hatarini. Barua ikasomwa. Hakuna aliyeonywa.

Tarehe 17 Januari 1961 Lumumba, Maurice Mpolo na Joseph Okito walipelekwa Elisabethville, mji mkuu wa Katanga, kwa ndege, wakapigwa, na usiku ule ule wakauawa porini huku maofisa wa Kibelgiji wakiwepo. Baadaye ofisa wa polisi wa Kibelgiji aliifukua miili, akaikatakata na kuiyeyusha kwa tindikali, akabaki na meno.

Kifo chenyewe kilitangazwa tarehe 13 Februari. Nilikuwa na miaka minane. Redio ilikuwa moja mtaani kwetu, kwa fundi cherehani, na watu walijazana mpaka barabarani. Tanganyika ilikuwa bado miezi kumi kupata uhuru wake. Ninachokumbuka ni kwamba taarifa ilipokwisha hakuna aliyeondoka, na baba alinishika mkono kwa nguvu mpaka nikaumia, nami nikaogopa kumwambia.

Sasa naomba uniruhusu nizungumze lugha kidogo, maana ndipo ombi langu lilipo.

Kiswahili kina maneno mawili ambayo wageni huyachanganya. Ukimkuta mtu amejikwaa njiani, unamwambia pole. Hukumwangusha wewe. Unamwonea huruma, na pole yako ina thamani, kwa sababu hukulazimika kusimama. Lakini ukiwa umemkanyaga wewe, humwambii pole ukaendelea na safari. Unasimama, unasema samahani, au niwie radhi, kisha unangoja. Kule kungoja ndiko kugumu, kwa kuwa aliyekanyagwa ndiye mwenye jibu. Anaweza kusema yamekwisha, anaweza kusema bado, na anaweza kuuliza: umenivunjia hiki, unanilipaje? Ndiyo maana wakubwa wa dunia nzima huona pole ni nyepesi kutamka.

Tarehe 30 Juni 2020 ulimwandikia Rais Tshisekedi wa Kongo kwamba unasikitika kwa dhati kwa majeraha ya wakati wa ukoloni. Tarehe 8 Juni 2022 ukarudia maneno hayo Kinshasa, mbele ya watu. Najua hakuna mfalme wa Ubelgiji aliyewahi kufika hapo kabla yako. Nilikusikiliza, na nilisema amina nikiwa peke yangu sebuleni. Lakini kwa Kiswahili changu, Mtukufu, ile ni pole.

Serikali zako zilijaribu kwenda mbele zaidi. Mwaka 2002 Waziri Louis Michel aliomba radhi, na tarehe 20 Juni 2022, siku jino lile lilipokabidhiwa kwa familia katika kijisanduku, Waziri Mkuu De Croo aliomba tena. Mungu awalipe kwa hilo. Hata hivyo De Croo alisema wajibu wa Ubelgiji ulikuwa wa kimaadili, na radhi yao wote wawili ilihusu kifo cha mtu. Desemba mwaka huo huo kamati ya Bunge iliyochunguza ukoloni ilimaliza miaka miwili ya kazi bila kuafikiana juu ya neno radhi, kwa kuwa wengine waliogopa kwamba baada ya radhi litakuja deni. Nilipolisoma hilo nilihuzunika, kwa sababu walikuwa wamelielewa neno sawasawa, kisha wakaliacha kwa kuwa wamelielewa.

Jino lilizikwa Kinshasa. Kura haijatajwa na mtu.

Utaniuliza kwa nini mzee wa Ujiji anaing'ang'ania kura ya miaka zaidi ya sitini iliyopita, na swali hilo ni la haki. Nitakujibu bila kuficha, nikianza na upande wangu.

Tarehe 29 Oktoba 2025 sisi Watanzania tulikuwa na uchaguzi. Kiongozi wa chama kikuu cha upinzani alikuwa mahabusu kwa shtaka la uhaini na chama chake hakikuruhusiwa kushiriki. Intaneti ilizimwa. Vijana wakaingia barabarani, na wengi wakauawa kwa risasi. Mshindi akatangazwa kwa zaidi ya asilimia 97. Wageni walipohoji, jibu la wakubwa wetu likawa kwamba mabeberu hawana haki ya kutufundisha demokrasia. Na makomredi wangu, watu niliosoma nao na kuimba nao, wengi walinyamaza, au walilirudia jibu hilo. Ofisi za chama tawala Dar es Salaam, Mtukufu, ziko Mtaa wa Lumumba.

Unaona ninachokilenga? Jibu lile lina nguvu kwa sababu nusu yake ni kweli. Ubelgiji, Marekani na Umoja wa Ulaya hawawezi kutamka neno kura mbele ya Mwafrika bila mtu kuwakumbusha Lumumba, na kuwakumbusha kwamba Mobutu, aliyelifunga Bunge, alitawala miaka 32 akipokelewa Brussels na White House kama rafiki. Mtawala anayempiga risasi mtoto wa jirani yangu hujificha nyuma ya maiti ya Lumumba, na kila siku ambayo deni lile halijalipwa ngao yake inazidi kuwa nene. Nataka ngao ile imtoke. Sina uwezo wa kumvua mimi. Nyinyi mnao.

Wala sidai usafi ambao upande wangu hauna. Agosti 1960 askari wa Lumumba mwenyewe waliwaua raia wa Kiluba kule Bakwanga, nasi wa mrengo wa kushoto tumezoea kulipita jambo hilo kwa sentensi moja, kama nilivyofanya kwa miaka mingi darasani. Aprili 1965 Che Guevara alivuka ziwa hili kutoka Kigoma kwenda kupigana Kongo, akiwa amejipa jina la Tatu, na wenzake wawili, Wakuba, wakajiita Moja na Mbili. Watu wa hapa husimulia habari hiyo kwa fahari. Lakini mwanakijiji wa kule ng'ambo hakuulizwa kama anaitaka vita ile, na Che mwenyewe, alipoondoka Novemba, alikiri kwamba wameshindwa. Kuwa na nia njema hakumpi mtu ruhusa ya kuingia nyumba ya watu.

Agosti 1968, vifaru vya Kisovieti vilipoingia Prague, serikali ya Mwalimu Nyerere, serikali ya kijamaa, ililaani waziwazi. Ilijua kwamba nchi ndogo ikinyamaza kwa Czechoslovakia haitakuwa na la kusema zamu yake ikifika. Tarehe 2 Machi 2022 Umoja wa Mataifa ulipopiga kura kuhusu Urusi kuivamia Ukraine, Kenya ililaani, Kongo yenyewe ililaani, na Tanzania ikajizuia. Niliona haya siku ile. Nimeandika kuipinga vita ya Irak ya mwaka 2003, na nimeandika kuipinga vita ya Ukraine, na nimepoteza marafiki kwa barua ya pili tu. Mtu anayepinga uvamizi kwa kuangalia kwanza bendera ya mvamizi bado hajaanza kuupinga.

Narudi kwenu. Ulaya iliiwekea Urusi vikwazo ndani ya siku chache. Wataalamu wa Umoja wa Mataifa walikwisha kueleza tangu mwaka 2022 kwamba jeshi la Rwanda linawasaidia waasi wa M23 mashariki ya Kongo, jambo ambalo Kigali inalikana. Februari 2024 Umoja wa Ulaya ukatia saini na Rwanda hati ya ushirikiano kuhusu madini. Mwezi Januari 2025 Goma ikatekwa, Februari ikawa Bukavu, mji ambao wewe na Malkia mliutembelea mkaona wanawake wanaotibiwa katika hospitali ya Panzi. Nitasema haki: Ubelgiji ilipiga kelele kuliko wenzake, na vikwazo vizito vya Ulaya vilipotoka tarehe 17 Machi 2025, Rwanda ilivunja uhusiano na Brussels siku hiyo hiyo. Mlilipa gharama. Lakini vilichukua miaka, na njiani ikatiwa saini ya madini, na watu wa Kivu wanajua kuhesabu miaka. Kwao inafanana mno na ile habari ya kodi ya Union Minière: asiye na kura ndiye anayepokea malipo.

Najua mipaka ya kiti chako. Mfalme wa Ubelgiji hasemi neno kubwa bila mawaziri kulikubali, na sikuombi uvunje katiba ya nchi yako, mimi ambaye nalia kwa sababu ya katiba ya jirani iliyovunjwa. Naomba uwaambie mawaziri hao, kwa faragha unayoruhusiwa, kwamba unataka kulisema. Na likikubaliwa, naomba lisiwe la jumla. Iseme Ubelgiji kwamba mwaka 1960 Wakongo walichagua, uchaguzi ulikuwa halali, na Ubelgiji ikashiriki kuuvunja kwa sababu aliyechaguliwa hakuipendeza. Iseme kwamba inaomba radhi kwa hilo, mbali na radhi ya mauaji. Kama zipo karatasi za ikulu za miaka ile ambazo watafiti hawajazifikia, zifunguliwe, hata zile zitakazomuumiza baba yako mkubwa kaburini. Naye alikuwa mcha Mungu. Naamini angependelea deni lake lilipwe na mtu wa damu yake kuliko liachwe kwa wageni kulisimulia.

Kuhusu fidia sitasema kiasi, si kazi yangu. Wakongo wakiulizwa watajibu.

Mwezi Juni 2022 ulipokuwa Bukavu ulisimama karibu na Ziwa Kivu. Maji ya ziwa lile hushuka kwa mto Ruzizi mpaka huku kwetu. Mjukuu wangu alinionyesha picha zako kwenye simu, nikamwambia yule mfalme ni mtu mpole, uso wake unaonyesha, na kwamba siku moja nitamwandikia. Aliniuliza kama utajibu. Nilimwambia wafalme wana shughuli nyingi.

Ukipata nafasi, Mtukufu, mistari miwili inatosha. Ikiandikwa kwa Kifaransa au Kiholanzi si neno, yupo padri hapa Kigoma atakayenisomea.

Naomba kuwasilisha, nikiwa na heshima yote kwako, kwa Malkia na kwa watu wa Ubelgiji.

Mwalimu mstaafu,
Ujiji, Kigoma